Leo Huna Kipindi, Mwalimu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mwanzilishi na mratibu wa Programu yetu ya Kimataifa ya Shahada za Uzamili za Afya ya Jamii anastaafu rasmi Jumanne, tarehe 30 Juni. Kuanzia Jumatano inayofuata hana kipindi, hana kikao, hana tasnifu ya kusahihisha, na hakuna mwanafunzi anayemsubiri popote. Mhariri wa jarida hili la wafanyakazi alitaka kuufuta mstari huo wa pili kwa kuwa, kwa maoni yake, kila mtu anajua kwamba mstaafu hana kipindi. Mimi, kama mkuu wa Idara, nilimwomba auache. Una kazi yake, nami nitaieleza kabla sijamaliza.

Wengi wetu hatumwiti kwa jina lake. Kwa wanafunzi, kwa walinzi wa getini, kwa wahudumu wa kantini, hata kwa Makamu Mkuu wa Chuo anapohakikisha kwamba mwenyewe hayupo karibu, yeye ni Mzee Kati-ya-Wangapi. Jina hilo alijipa bila kujua. Mwambie watoto kumi wameharisha, atakuuliza kati ya wangapi. Mwambie watu wawili wamechelewa kikao, swali ni lile lile. Siku moja mhasibu wetu alikuja akitamba kwamba mwanawe ameshika nafasi ya tatu darasani. Mzee akampa mkono wa pongezi, akauliza kati ya wangapi, na mhasibu hakumsemesha tena hadi mwezi ukaisha.

Niseme mapema, msomaji asije akadhani nimemtegea: huu si wasifu wa furaha. Mzee anaondoka kabla ya wakati wake kwa sababu ni mgonjwa. Ugonjwa alio nao unakula kumbukumbu, na umeanza na zile za karibu. Mwaka huu mzima sisi tuliofanya naye kazi tumekuwa na hofu moja tu. Tuliogopa kwamba mtu aliyeijenga programu hii kwa mikono yake asingetoka darasani akiwa mwalimu, bali angetolewa akiwa mgonjwa, mbele ya wanafunzi wake. Hofu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike kwa urefu huu, na wahusika wanisamehe kwa kula kurasa za michezo.

Alianza kazi akiwa bwana afya kijana mwenye pikipiki ya serikali na kofia ngumu ya kuazima. Kata aliyopewa iligawanywa na mto: zahanati upande huu, nusu ya nyumba upande wa pili. Katika mwaka wake wa kwanza wagonjwa wa kuhara walianza kupungua pale zahanati, mwezi baada ya mwezi. Akaandika ripoti ya kufurahisha na akasifiwa mbele ya wakubwa. Kumbe daraja lilikuwa limechukuliwa na maji. Watu wa ng'ambo hawakuwa wamepona, walikuwa hawana pa kupita. Alipovuka mwenyewe, maji yakimfika kiunoni, alikuta makaburi mabichi nyuma ya nyumba, na mengi yalikuwa mafupi.

Hakuna aliyemlaumu. Alijilaumu mwenyewe, na sidhani kama aliwahi kuacha. Alikuwa amehesabu waliougua kati ya waliofika zahanati, badala ya kuhesabu kati ya wote wanaoishi katani. Ni kosa la fani yetu, na ukiniambia hujawahi kulifanya nitakuona muongo. Kila mwaka, siku ya kwanza ya muhula wa kwanza, alilisimulia kosa hilo mbele ya darasa bila kujipamba. Kisha alichora mstari ubaoni, akaandika idadi ya wagonjwa juu yake, na kuacha nafasi ya chini ikiwa tupu. "Hapa chini pana watu," alikuwa akisema. "Ukiwasahau hawa, hao wa juu hutawaelewa kamwe." Wanafunzi waliliita Somo la Daraja.

Alipokuja chuoni hapa, aliyetaka kusoma afya ya jamii kwa ngazi ya uzamili alilazimika kwenda mbali. Huko alifundishwa magonjwa ya wengine kwa takwimu za wengine, na aliporudi, kama alirudi, alikuja na koti zito na cheti kizuri. Mzee aliona mambo yageuzwe. Alitaka wataalamu wa nchi nyingi waje kukaa hapa pamoja na wa kwetu, kila mmoja akiwa na swali moja kutoka mtaa wa kwao, na swali hilo ndilo liwe tasnifu yake. Utawala ulimuuliza nani atakubali kutoka kwao kuja kusoma kwetu. Alijibu kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwepo kikaoni, na nakumbuka jinsi walivyotazamana.

Darasa la kwanza lilianza katika chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu vya hospitali. Paa lilivuja mahali pawili. Wanafunzi wa nchi nne walijifunza kusogeza viti mvua inapoanza, bila mhadhara kukatika, hadi wakawa wanasogea wote kwa pamoja kama watu wa kwaya. Kila mmoja alikuwa na shahada ya mfumo wake, likizo zake, na namna yake ya kuandika tarehe. Msimu mzima mimi na yeye tulikaa kwenye meza moja tukijaribu kupatanisha mitaala ya vyuo vitano, ili mwaka wa masomo wa huku ukubalike kule. Tuligombania feni moja. Alishinda yeye, kwa kuwa alifika ofisini mapema.

Chuo kimoja mshirika kilitaka kutupa mtaala wao mzima mzima, pamoja na vitabu kwenye maboksi. Mzee aliusoma wote kwa adabu. Mifano yake karibu yote ilihusu wachimbaji wa migodini, na sisi mgodi hatuna, labda shimo la kuchimba mchanga. Akawaandikia kwamba anawashukuru sana, lakini suti haishonwi kwa kipimo cha jirani. Walikasirika kidogo, kisha wakamtuma mtu aje aone. Huyo mtu alikaa miezi mitatu, na mwisho akajiandikisha mwenyewe kuwa mwanafunzi.

Kila Alhamisi darasa lilitoka kwenda mtaani, nyumba kwa nyumba. Hapo ndipo Mzee alipokuwa na kanuni iliyowashangaza wageni: mlango uliofungwa nao uhesabiwe. Ukibisha usipofunguliwa, weka alama ya chaki pembeni, urudi jioni, urudi tena kesho. Alisema wenye milango iliyofungwa ndio waliokwenda kibaruani, ndio waliolala hoi ndani, ndio walioogopa kuulizwa, na ukiwaacha hao umehesabu wenye nafasi peke yao. Nimeona madaktari bingwa wakirudi mlango ule ule mara ya nne, viatu vimejaa vumbi, wakimlaani kimoyomoyo. Leo baadhi yao ni wakuu wa idara za afya makwao, na wanawatuma vijana wao na chaki.

Asije mtu akadhani tulikuwa tukiomboleza muda wote. Kuna habari ya maharage. Mzee alifundisha sampuli kwa kopo la maharage, mengine meupe, mengine ameyapaka rangi nyekundu ya chakula, na wanafunzi walichota kwa kikombe na kukisia jumla. Mwaka mmoja aliliacha kopo juu ya kaunta ya kantini alipokwenda kunawa. Mpishi, mtu wa kazi yake, hana hili wala lile, akayachanganya na ya mchana. Darasa zima lilikula takwimu zake, na Mzee akawapa swali: kutokana na mekundu mliyoyaona sahanini, kadirieni yaliyobaki sufuriani. Wanafunzi wawili walipata jibu sahihi. Mpishi alipewa cheti cha mshiriki, na bado amekitundika juu ya jiko.

Kwenye kusahihisha alikuwa mkali. Mchelea mwana kulia hulia yeye, alikuwa akituambia tulipomwombea mwanafunzi huruma, na tasnifu ilirudi imejaa wino mwekundu. Mikutano ilipohamia kwenye skrini alisimama kila alipozungumza, kwa heshima, hivi kwamba wenzetu wa nchi nyingine miaka yote waliona tai yake tu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Leo shahada hii inatolewa kwa pamoja na vyuo vya nchi tisa, na wahitimu wake wamezima milipuko ambayo hatukuisikia kwa sababu ilizimwa. Ningetaja idadi ya waliohitimu, lakini najua swali litakalofuata.

Dalili za kwanza hatukuziona, au tuliziona tukazipa majina mengine. Alipoacha birika la umeme likachemka hadi likakauka, tulisema amezidiwa na kazi. Alipomwita dereva wetu kwa jina la dereva aliyestaafu zamani, tulicheka, naye akacheka. Mtu aliyekula chumvi nyingi ana haki ya kuchanganya madereva, ndivyo tulivyosema.

Kisha mwanzoni mwa muhula wa pili, kipindi cha Jumanne, alifundisha Somo la Daraja. Wanafunzi walikwisha kulisikia muhula uliotangulia, wakadhani analirudia kwa makusudi. Jumanne iliyofuata akalifundisha tena, neno kwa neno, pamoja na mzaha wake wa kofia ya kuazima. Na iliyofuata, tena. Darasa lile lina madaktari, wauguzi, daktari wa mifugo mmoja na mkunga mmoja, kutoka nchi mbalimbali, na hakuna hata mmoja wao asiyejua alichokuwa akikiona.

Walikubaliana wenyewe, bila kumwambia mtu, kwamba watamsikiliza. Walifungua kurasa mpya wakaandika yale yale. Walicheka palipokuwa pa kucheka. Aliyeulizwa swali alitoa jibu la makosa ambalo mwanafunzi wa siku ya kwanza hulitoa, ili Mzee apate la kusahihisha. Kisha jioni walikutana kwenye chumba cha kusomea wakafundishana somo lililorukwa, wakisaidiwa kwa simu na mhitimu wa mwaka uliopita. Nimefundisha miaka mingi, na sijaona darasa jingine likifanya jambo kama hilo.

Aliyekuja kuniambia ni yule mkunga, mama wa makamo, mkubwa kuliko wote darasani, ambaye wenzake humwita Mkunga tu kana kwamba ndilo jina la ubatizo. Alisimama mlangoni kwangu, akakataa kiti.

"Mkuu," alisema, "tumemlindia heshima yake, na hilo hatulijutii. Ila ugonjwa hatuwezi kumfichia. Tutakuwa wahudumu wa afya wa namna gani? Mficha maradhi, kifo humuumbua." Kisha akalia, maana alikuwa amejizuia muda wote huo, na mimi nikampa kitambaa.

Nilikwenda nyumbani kwa Mzee siku hiyo hiyo. Mkewe alifundisha chekechea hadi alipostaafu, na kwa miaka yote hii amekuwa shemeji yangu kwa maneno na kwa vitendo. Alifungua mlango, akanitazama usoni, na kabla sijatoa salamu akauliza, "Shemeji, na huko ameanza?" Ndipo nilipojua kwamba nyumbani walikuwa wakituficha sisi, kama darasa lilivyokuwa likituficha sote. Kila upande ulikuwa ukimlinda dhidi ya upande wa pili.

Alinisimulia ya Jumapili moja. Mzee alivaa tai akatoka bila kuaga. Walimtafuta hadi alasiri, wakamkuta mtaa wa tatu kutoka kwao, akiwa na kipande cha chaki, anabisha nyumba kwa nyumba. Alikuwa akiuliza wanalala wangapi, nani ameumwa mwezi huu, maji wanachota wapi. Milango iliyofungwa alikuwa ameitia alama. "Wamemjibu wote, shemeji," aliniambia. "Hata fundi viatu alimhesabia watoto wake mmoja mmoja. Hakuna aliyemcheka." Alipofika hapo akainuka kwenda kutazama maji ya chai ambayo alikuwa bado hajayabandika.

Daktari aliyempima hospitalini ni mwanafunzi wake wa zamani, na hilo halikumrahisishia kazi. Alieleza taratibu ugonjwa ulivyo, dawa zinaweza nini na haziwezi nini. Mzee alimsikiliza kama anavyosikiliza utetezi wa tasnifu, kichwa kimeinama upande. Mwisho akauliza: kati ya watu mia wa umri wake, wangapi? Daktari akamtajia. Mzee akapiga hesabu hewani kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali. "Basi lazima wawepo wa kuwa hao," alisema. "Nimewaambia miaka yote kwamba chini ya mstari pana watu. Na juu ya mstari vilevile pana watu. Leo ni mimi." Shemeji alimshika mkono wa koti kutoka pale hadi nyumbani, kama wanavyoshikwa watoto barabarani.

Jumatatu alikuja ofisini akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilimwomba apumzike. Alikataa. Alitaka kumaliza muhula na darasa lake, ila kwa sharti moja, na alilisema mara mbili ili mmoja wetu alikumbuke. "Nikirudia somo, niacheni. Kurudia si kosa. Nikikosea hesabu, nitoeni siku hiyo hiyo. Hawa wakirudi kwao na hesabu mbovu, watazika watu kama nilivyozika mimi ng'ambo ya mto." Alitaka niahidi, nikaahidi.

Mkunga na wenzake nao waliambiwa, kwa idhini yake mwenyewe. Tukakubaliana kwamba shemeji awe anakuja naye na kuketi viti vya nyuma, karibu na dirisha. Mimi niliketi kando yake. Siku nyingine Mzee alifundisha vizuri hivi kwamba nilisahau kilichonipeleka pale. Alirudia, ndiyo, lakini kila alichokirudia kilikuwa sawa. Jumanne moja alimwona mkewe kule nyuma, akasimama, akauliza darasa kama yule mwanafunzi mpya amekwisha kujiandikisha. Watu walicheka wakidhani ni mzaha wake. Shemeji naye alicheka. Kisha akatoka nje kidogo, na alipokaa sana nikamfuata.

Muhula ulibakiza muda mfupi tu kwisha. Nilianza kuamini kwamba tutafika. Jumanne hiyo feni ilikuwa ikilia kama kawaida yake, na Mzee alikuwa amechangamka, amevaa tai ya buluu. Alitoa mfano wa surua katika mtaa mmoja. Alichora mstari ubaoni. Juu akaandika idadi ya watoto waliougua. Chini, kwa mwandiko wake ule wa kupendeza, akaandika idadi ya watoto waliopelekwa zahanati. Akagawanya, akapata jibu, akalipigia mstari.

Lilikuwa kosa la daraja, lile lile, mtaa mzima umeachwa nje ya hesabu, na yeye ndiye aliyeliandika. Shemeji hajui takwimu, lakini alizijua nyuso za wanafunzi, akanishika kiganja. Nilikuwa nimeahidi. Nilikuwa naikusanya miguu yangu niinuke nimwambie mwalimu wangu, mwenzangu, kwamba imetosha.

Mkunga alinitangulia. Alinyoosha mkono kama mwanafunzi yeyote, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayetaka kuelewa. "Samahani, Mwalimu. Kati ya wangapi?"

Aligeuka akautazama ubao. Sote tuliona uso wake ukianza kwa kutoelewa, kisha ukaelewa. Alichukua kifutio. Hakufuta yote. Alifuta namba ya chini peke yake, akaacha nafasi tupu kama alivyokuwa akiiacha siku ya kwanza ya kila mwaka. Akaiweka chaki kwenye ukingo wa ubao na kujipangusa vumbi viganjani. "Ahsante, binti yangu," alisema. "Swali ndilo hilo." Kisha akamtafuta mkewe kwa macho, safari hii akamtambua, akamwambia, "Mama, twende nyumbani."

Kwa hiyo hakutolewa. Nataka iandikwe hivyo katika jarida la chuo, na asitokee mtu wa kuandika vinginevyo. Alisahihishwa na mwanafunzi wake kwa swali lake mwenyewe, akalipokea, akafuta kosa lake kwa mkono wake, akatoka. Darasa lilisimama hadi viatu vyake vikaacha kusikika koridoni. Wengine walilia kwa sauti, mimi nikiwa mmojawapo. Kesho yake mhudumu wa usafi alitaka kuufuta ubao, tukamwomba auache mpaka Ijumaa.

Yaliyofuata ni ya ofisi, nami nitayafupisha. Mkunga ametetea tasnifu yake vizuri, na Idara imemwomba abaki mwaka mmoja kukishika kipindi cha Jumanne kabla hajarudi kwao kuanzisha programu kama hii. Vyuo vyote tisa vimekubaliana, katika kikao ambacho kwa mara ya kwanza hakikuwa na ubishi, kwamba siku ya kwanza ya muhula itaanza kwa Somo la Daraja. Tunamshukuru Mzee kwa niaba ya wafanyakazi, wanafunzi na wahitimu wote. Tunamshukuru shemeji zaidi, maana sisi tunamuaga mara moja tu, na yeye anamuaga kidogo kidogo kila siku.

Sasa niitimize ile ahadi ya mwanzo. Shemeji ananiambia kwamba kila asubuhi Mzee huamka, hutafuta tai, na huuliza, "Leo nina kipindi?" Akimjibu kwamba hana, hakubali. Anasema mwalimu wa chekechea hawezi kuijua ratiba ya chuo kikuu. Siku nyingine haulizi kipindi. Anauliza kama daraja limerudishwa, na akikosa jibu anahangaika hadi mchana. Basi shemeji alinipigia simu. "Andika, shemeji," alisema. "Kichapwe, kiwe na nembo ya chuo. Weka tarehe juu kabisa, useme wazi kwamba hana kipindi. Kikitoka chuoni atakikubali."

Wasifu wa mstaafu kwa kawaida husomwa mara moja ukumbini, watu hupiga makofi, kisha karatasi hufungiwa sabuni. Huu utasomwa kila asubuhi, mezani, na mwalimu wa chekechea, kwa mtu mmoja. Atasoma mwanzo na mwisho. Katikati nimeandika kwa ajili yetu sisi wengine, naye anajua pa kuruka. Hapa chini, kwa hiyo, nazungumza na mwenyewe.

Mwalimu, umeamkaje? Leo huna kipindi. Ulistaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja, na hukuacha kiporo chochote. Tasnifu zote zimesahihishwa. Darasa la Jumanne analo Mkunga, na analiuliza lile swali. Daraja lilijengwa zamani, la zege, na watu wa ng'ambo wanavuka asubuhi na jioni kwenda wanakotaka. Iache tai kabatini, mama yupo hapo na chai iko tayari. Sisi wenzako tunakupenda, na tunakuombea asubuhi tulivu, na nyingine baada ya hiyo. Kama haya uliyasikia jana, vumilia uyasikie tena. Ulitufundisha mwenyewe, Mwalimu: kurudia si kosa.